Maneno Niliyoandika kwa Jina la Albertine

Sikuwa na compte yangu, akaunti ya jina langu, hata siku moja kwa ule mutandao mukubwa ambao dunia yote inautumia. Telefone ilikuwa ya bibi yangu, muke niliyemuoa, Albertine. Jina lilikuwa lake, Albertine wa Samaki, na ile picha ndogo ya mviringo ilikuwa sura yake, na kitambaa cha bluu cha korali ya kanisa kichwani. Miye nilisoma mpaka mwaka wa tano wa primaire, kisha baba akanitoa. Kusoma ninasoma polepole, na kuandika ninaandika vile ninavyosema. Albertine alipokufa, telefone ikabaki mikononi mwangu, na kati ya bale bakubwa ba mutandao, bale benye kuketi mbali sana na Ruashi yetu ya Lubumbashi, hakuna hata mumoja aliyeuliza ni nani sasa anaifungua.

Mara ya kwanza niliifungua ili nimuone tu. Albertine alikuwa muntu wa Kilwa, kule kando ya ziwa Mweru, na alipenda kuonyesha bamama ba Lubumbashi kazi ya samaki: namna ya kuosha chisense, bale samaki badogo, mpaka mchanga utoke wote; namna ya kujua kama samaki wa moshi amekauka kweli ao muuzaji alimupitisha juu ya moto kwa kudanganya bantu. Yeye alikuwa anasema, miye ninashika telefone. Video makumi tatu na moja. Kila alipomaliza kuweka moja kwa mutandao aliifuta ndani ya telefone, juu ya nafasi kuwa ndogo. Kwa hiyo zilibaki kule tu.

Na kule kulikuwa pia groupe ya quartier yetu, ni kusema mtaa wetu, Ruashi Tunasaidiana, bantu elfu kumi na moja. Juma mbili hivi nyuma ya mazishi nikasoma mule muntu anashukuru comité ya maji kwa kazi nzuri. Siku ile pompe ya kisima chetu ilikuwa imekufa tangu juma mbili. Nilikuwa nimetoka kubeba bidon za maji kutoka mbali, na kazi yangu ni kupiga matofali ya simenti, kazi isiyofanyika bila maji. Nikaandika: «Mukuka président wa comité anapeleka byuma bya pompe yetu Mokambo kuuzisha, siye tunakunywa mavumbi.» Sikuwa nimeona kitu. Nilikuwa nimemuona tu ba Mukuka, «ba» ni ya heshima, anapanda gari ya Mokambo, kule ku mupaka, na mufuko muzito.

Mbele ya jua kutua, bantu mia mbili walikuwa wametia alama ya moyo. «Mama Albertine anasema kweli.» «Mama, Mungu akulinde.»

Kama ningeandika kwa jina la Rigobert, mupiga matofali, nani angenisikiliza? Jina la Albertine lilikuwa na heshima. Nikaingia ndani yake na sikutoka tena. Nilitukana burgomestre, mukubwa wa serikali ya Ruashi. Nilitukana bale ba courant ya umeme, na bale ba mine, ba machimbo, kwa vumbi wanalotumwagia juu ya nguo zilizoanikwa. Nilimutukana Kataliko, mufanyabiashara wa Butembo mwenye dépôt ya sukari kwa kona yetu. Kwa wengi bao sijabadilisha mawazo mpaka leo. Courant inakatwa siku tatu, kisha facture ya kulipa inakuja kama kawaida. Anayefurahia hiyo ajitokeze. Lakini niliyasema kwa kinywa cha mwanamuke ambaye hakuwahi kumutukana muntu, tena alikuwa ndani ya udongo.

Utauliza bajirani balikuwa wapi, bale balionisaidia kumuzika. Hawakuona. Mule ndani ni mashini inachagua nani aone nini. Bantu ba Kolwezi na ba Kinshasa balikuwa banasoma matusi yangu, na ba mama Mukuka, mwenye kukaa nyuma ya ukuta wangu, alionyeshwa matangazo ya sabuni. Bachache balioyaona balisema ni Graciella, binti yetu mwenye kuuzisha kule Mokambo, ameanza kutumia compte ya mama yake. Hiyo nilikuja kuisikia nyuma.

Ni mashini ile ile ilitutoa kule. Muzee Stanislas, fundi wa viatu, alipokufa, tangazo la matanga liliwekwa ndani ya groupe siku ya kwanza, saa mbili ya asubuhi. Bantu balianza kuliona siku ya nne. Muzee aliyeshona viatu bya Ruashi nzima alizikwa na bantu kumi na moja, na mumoja wao alikuwa dereva wa gari iliyobeba sanduku. Quartier yetu iliona haya sana. Kisha, juma chache zikipita, groupe yenyewe ikafungwa. Hakuna sababu. Mwandiko mumoja tu wa Kifaransa kwamba tumevunja sheria, hakuna jina chini yake, hakuna fasi ya kwenda kugonga. Wengine balisema ni juu ya bauzaji ba dawa za uongo. Nilijua sheria gani mumoja wetu alikuwa anaivunja jioni nyingi.

Njo pale Syntiche aliposimama. Syntiche ni mwanamuke wa miaka arobaini na kitu, anatengeneza telefone karibu na soko, na alisoma mambo ya ordinateur, komputa. Alisema: tuache kukaa kwa nyumba ya bantu, tujenge yetu. Ikaitwa Lupango. Lupango kwetu ni kiwanja chenye ukuta na mulango wake, fasi jamaa inakaa. Ordinateur moja iko juu ya etagère ya mbao ndani ya chumba chake cha kazi, panneau ya jua iko juu ya bati, na batri kubwa ya camion alitoa Kataliko. Quartier ya Katuba iko na yao, Kenya, ile quartier ya hapa Lubumbashi, iko na yao, Kilwa nasikia banaanza. Muntu wa Ruashi anaweza kusema na muntu wa Katuba bila kuhama lupango lake. Tangazo la kifo linafika kwa kila muntu saa ile ile, hakuna mashini inayochagua.

Niliuliza mukubwa wake ni nani. Syntiche akacheka.

«Ba Rigobert, unatafuta wa kulaumu? Haiko. Tuko balinzi sita, kila muntu juma moja. Ukiona mambo mubaya, unakuya ku mulango yetu unatugongea.»

Sheria zilikuwa tatu, zilipitishwa kwa mikono kwenye uwanja wa mission nyuma ya misa. Unakuja mwenyewe, na miguu yako. Bantu babili banaokujua banakusimamia. Na hakuna muntu kuandika kwa jina la mwenzake. Mwenye kuwa na vitu kwa mutandao wa zamani, Syntiche anamutolea vyote na kumuhamishia. Na kwa bafu, bale baliokufa, balipitisha kwamba jina lao linaweza kuwekwa ndani ya Lupango, likiwa na maneno yao bao wenyewe, ili bantu bapite kubasalimia.

Nilipeleka telefone ya Albertine kwa Syntiche siku ya tatu ya Lupango. Bamama babili ba korali balimusimamia Albertine. Syntiche aliomba vitu byake kwa ule mutandao, tukangoja siku mbili, vikafika vimefungwa pamoja kama muzigo. Akaniuliza bila kuinua kichwa:

«Tunabeba video tu, ao yote?»

Hapa ndipo nilipojichimbia. Nilifikiri groupe ilipofungwa, maneno yangu yalikufa nayo. Kwa akili yangu, ukiandika kwa ukuta wa nyumba, na nyumba ikaanguka, maandishi yamekwisha. Sikujua kwamba kila neno linabaki limefungwa na jina la mwenye kuliandika, na tarehe yake, na saa yake. Tena niliogopa nikisema video tu, ataniuliza na vile vingine ni nini. Nikasema kwa sauti ya muntu asiye na kitu cha kuficha:

«Yote. Beba yote ya bibi yangu.»

Siku iliyofuata nilikuwa ninapiga matofali na Kataliko akaja, mikono nyuma, kofia juu ya paji. Hakusalimia kwanza.

«Mukubwa, mama Graciella, bibi yako, amenitukana leo asubuhi.»

«Kataliko, usicheze na mufu.»

«Ni yeye njo anacheza na miye. Anasema sukari yangu iko na mchanga, na siye bantu ba Butembo tunakuyaka Lubumbashi na mufuko moja, tunarudia na nyumba. Nikaangalia tarehe. Mwezi wa munane. Nikajisemea, pole mama, mwezi wa tatu tulikuzika, miye mwenyewe nilitoa gari. Ku mbingu banatumia réseau gani ya telefone?»

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Nilishika kalibu ya matofali na sikujua niiweke wapi. Nikamuambia labda ni kosa la ordinateur, bale balinzi hawajui kazi yao. Kataliko akavuta kofia chini.

«Ordinateur haijue kama nilitokaka Butembo na mufuko moja,» akasema. «Hiyo nilikuelezaka weye, siku tulikunywa pamoja.»

Akaenda zake. Jioni quartier nzima ilikuwa imesoma. Kule kwa zamani elfu kumi na moja ba mbali balinipigia makofi. Hapa bantu mia ine banaojua jina la mutoto wangu, na ukuta wangu, na kaburi. Mule hakuna mashini ya kunificha. Mama Mukuka alisoma kwamba bwana yake ni mwizi wa pompe. Alisoma pia majibu ya bale baliosema nyumba yake ichomwe. Njo pale alielewa, baliniambia, sababu ya batoto bake kupigwa ku masomo mwaka ule, na bwana yake kulala na panga chini ya kitanda.

Graciella alipiga simu kutoka Mokambo. Hakupandisha sauti.

«Papa, hapa ku soko bamama bananiuliza juu ya nini nilimutukana ba Mukuka. Banasema walijua tangu zamani ni miye. Miaka mbili, papa. Nilikuwa najiuliza mbona banauzisha na miye bila kunichekea.»

«Nilikuwa na uchungu, mutoto wangu.»

«Mama pia alikuwaka na uchungu. Alikuwa anaimba.»

Nilitafuta wa kulaumu, kama kawaida yangu. Nilisema Syntiche angenielezea vizuri. Nilisema sheria za kuandika zilitungwa na bantu baliosoma kwa kutega basiosoma. Nilizungusha maneno hayo kichwani kama muntu anayepekua mifuko ya koti tupu.

Balinzi baliita bantu siku ya Mungu, jumapili, nyuma ya misa ya pili, uwanja wa mission. Juma lile mulinzi wa zamu alikuwa ba Mukuka mwenyewe. Mbele ya kuanza, Syntiche alinivuta pembeni, akaniwekea mkononi kadi ndogo ya telefone.

«Video byote biko mule,» akasema. «Beba, tata. Utaangalia ku nyumba. Siye tutafuta ile jina, mambo itaisha.»

Ilikuwa ruhusa ya kukimbia. Niliishika. Kadi ile ilikuwa nyepesi, na ndani yake alikuwa bibi yangu mzima, anacheka, anaosha samaki. Ningeweza kurudi nyumbani, nifunge mulango, nikae naye. Lakini jina Albertine wa Samaki lingefutwa ndani ya quartier kwa sababu ya uchafu, na kitu bantu wangekumbuka ni matusi. Bamama wangesema: ule aliyefutwa. Yeye ambaye hakufanya kitu.

Nikamurudishia kadi.

Ba Mukuka ni muntu mufupi, mwenye sauti ya chini. Alisimama na telefone yake.

«Sheria inasema compte ya mufu inabaki na maneno yake yeye mwenyewe. Ndani ya hii muko maneno ya muntu mwingine. Kama hakuna wa kuyasimamia, tunafuta yote. Nani anayasimamia?»

Nikainuka.

«Ni miye njo niliandika.»

«Tunajua,» mama mumoja akasema nyuma. «Hata nyanya yangu asiyeona anajua.»

Bakacheka kidogo. Syntiche akasema atasoma maneno yenyewe moja moja, nami niseme yangu ao si yangu. Ba Mukuka akatikisa kichwa.

«Aliyeandika njo atasoma.»

Balinipatia telefone ya Syntiche, ile kubwa. Maneno yalikuwa themanini na sita, yamepangwa kutoka ya mwisho kurudi nyuma. Nimesema kusoma kwangu ni polepole. Hapo, mbele ya bantu, ilikuwa polepole zaidi. Nilifuata kwa kidole, nikakwama, nikarudia, na tusi linalosomwa na muntu anayekwama linakaa mdomoni kama mfupa. Nikifika mwisho wa kila moja ninasema: hii yangu. Syntiche anaiondoa chini ya jina la Albertine.

Ya sukari niliisoma. Kataliko akainua mkono.

«Ya mchanga muniachie, ilikuwa kweli kidogo ile mwaka. Ya nyumba njo napinga. Ningali napanga nyumba ya muntu.»

Walicheka tena, na nilimushukuru moyoni. Kisha nikafika kwa pompe. Kulikuwa kumi na tisa za ba Mukuka. Nilizisoma zote. Bibi yake aliketi kwa banc ya mbele na mikono juu ya magoti, hakuniangalia, alikuwa anaangalia telefone mkononi mwangu kama ni muntu wa tatu anayesema. Nilipomaliza ya kumi na tisa, ba Mukuka akasema, na sauti ile ile ya chini:

«Ndani ya ule mufuko muzito, ba Rigobert, ni pompe yenyewe. Nilikuwa naipeleka kutengenezwa, hapa hakukuwa fundi. Ungeniuliza. Tunagawa ukuta.»

«Ndiyo,» nikasema.

Nilikuwa nimetayarisha usiku mzima maneno juu ya uchungu wa mujane, na juu ya serikali, na yote yalikauka. Nikaendelea kusoma.

Jua lilikuwa limepita juu ya bati la mission tulipofika mwezi wa ine, kisha mwisho wa mwezi wa tatu. Syntiche akachukua telefone yake.

«Hapa tumefika ku siku ya mazishi,» akasema kwa bote. «Yote ya mbele ya pale ni ya mama mwenyewe. Njo mwisho.»

Bantu balianza kusimama, kukunguta mavazi. Nilikuwa nimetoka. Nilikuwa nimevuliwa nguo mbele ya Ruashi, lakini nimetoka.

Bado moja. Niliiona kwa kioo cha telefone mbele ya Syntiche kuifunga, iko chini tu ya picha ya kaburi. Tarehe tano ya mwezi wa tatu. Siku tisa mbele ya kumuzika. Kwa sheria, ilikuwa ya Albertine. Hakuna muntu angeniuliza juu yake hata siku moja. Na kwa banc ya tatu alikuwa Geneviève, infirmière, muuguzi wa centre de santé alimolala bibi yangu alipougua, anakunja kitenge chake kwa kwenda.

«Moja bado,» nikasema.

Syntiche akaangalia. «Hapana, tata. Hiyo ni mbele. Mama alikuwa mzima.»

«Alikuwa mzima. Lakini telefone nilikuwa nayo miye.»

Nikaisoma. Sikuhitaji kidole, nilikuwa ninaijua. «Infirmière Geneviève anaficha serum ya bagonjwa, anauzisha ku mulango wa nyuma, bantu banakufa.» Kwa kweli serum, ile maji ya kutundikia mugonjwa kwa mushipa, ilikuwa imekwisha kwa centre nzima. Geneviève alikuwa ametuambia hivyo, nami nilitaka awe mwizi, juu mwizi unaweza kumushika shati.

Ni lazima niseme na yaliyofuata, juu niliyasema pale pia. Asubuhi yake Geneviève alisimama kando ya kitanda na telefone mkononi. Akamuuliza Albertine: mama, nimekufanyia nini? Miye nilikuwa nimesimama pale pale, ninashika thermos ya chai. Albertine aliniangalia mara moja tu. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kukauka. Akasema: «Ni miye, mutoto wangu. Ni maumivu. Unisamehe.» Na miye nikamimina chai.

Nilipomaliza kusema, nikageuka kwa banc ya tatu. Geneviève alikuwa bado na ncha ya kitenge mkononi.

«Nilimuosha siku saba,» akasema. Alikuwa anasema na Syntiche, si na miye. «Kila siku ninamuosha, ninajiambia, huyu mama anafikiri miye ni mwuaji. Alipokufa sikuenda ku matanga. Bote balienda, bainfirmières benzangu bote. Miye nilisema, hapana, aliniomba musamaha na mdomo tu.»

Akavuta pumzi.

«Miaka mbili napita mbele ya lupango yao ninageuza uso.»

Akaweka kitenge chake vizuri, akatoka kwa mulango wa uwanja. Hakuna aliyemuzuia. Nilitaka kumufuata, sikuenda, na ni vizuri sikuenda. Ningeenda kumuomba anisaidie kubeba aibu yangu.

Ba Mukuka akauliza jina la Albertine libaki ao lifutwe. Mikono ikainuka. Ule wa mama Mukuka ulikuwa wa kwanza, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitemea mate. Likabaki.

Kisha ikawa juu ya maneno yangu, themanini na saba. Sheria inasema neno haliwezi kukaa bila mwenyewe. Basi niwe na compte, yawekwe chini ya jina langu, bale niliotukana bajue nani wa kuuliza. Na kwa kuwa na compte, babili banisimamie. Ba Mukuka akaangalia bantu.

Syntiche akainua mkono. Mumoja.

Tukangoja. Nilisikia bata ba mission banapigana nyuma ya jikoni. Kataliko alikuwa anaangalia viatu byake. Nilikunywa naye miaka kumi. Nilitaka kusema: Kataliko. Sikusema.

«Basi,» ba Mukuka akasema, «atasoma. Kuandika, hapana, mpaka apate wa pili.»

Hivyo ndivyo niko. Telefone ya Albertine inafungua mulango wa Lupango kama mugeni anayeruhusiwa kukaa kwa baraza. Ninaona matangazo ya matanga, zamu za maji, batoto baliopotea na kupatikana. Pompe imetengenezwa mara mbili tangu pale, balieleza kila kitu mule, byuma gani, fundi gani. Hakuna wa kumutukana. Hata kama yuko, sina fasi ya kuandika. Mara mbili nimepita kwa dépôt ya Kataliko, tumesalimiana vizuri, tumesema juu ya mvua. Sijamuomba.

Juzi nilifungua video ya Albertine ile ya chisense, ile anamwaga maji ya tano na kuonyesha chini ya sahani kwamba hakuna mchanga tena. Chini yake kulikuwa maneno mapya, ya kwanza yaliyoandikwa tangu tuhamie. Jina la Geneviève. Nikasoma polepole.

«Mama Albertine, nimekuya ku matanga yako. Nimechelewa miaka mbili. Nilikuwa nakukasirikia bure, na weye ulijua ni bure, ukaniacha, juu ya kuficha bwana yako. Sijui kama nakusamehe hiyo. Lakini nimekuya. Nimekaa.»

Chini ya maneno yake kuna kisanduku cheupe cha kujibia. Nilikigusa. Kwangu hakifunguki. Nikaacha video iendelee, Albertine anauliza bamama kama banaona vizuri, na sauti yangu nyuma ya telefone inamujibu kwamba ndiyo, inaonekana.